Mtoto Aliyevuta Mvukuto

Wiki hii nimekuwa nikimfikiria mtoto mmoja wa Kifaransa ambaye bila shaka alishafariki miaka mingi iliyopita. Tarehe 9 Julai 1913 alikuwa na umri wa miaka saba hivi. Alichofanya siku hiyo ni kitu kidogo sana. Alishika mvukuto katika karakana ya mhunzi kijijini kwao, akawa anapuliza moto wakati mtu mzima mmoja aliyejaa vumbi na jasho anafua chuma. Kwa sababu ya kazi hiyo ya mtoto, yule mtu mzima akaadhibiwa. Si kwamba aliadhibiwa kwa kumtumikisha mtoto, la hasha. Aliadhibiwa kwa kosa la kusaidiwa.

Mtu mzima huyo aliitwa Eugène Christophe. Alikuwa mwendesha baiskeli kwenye mashindano ya Tour de France, na kisa chake kinajulikana na kila mpenzi wa baiskeli kule Ulaya. Kinasimuliwa kama hadithi ya shujaa aliyekuwa peke yake mlimani. Mimi nimekisoma mara nyingi na kila nikikisoma swali langu linakuwa lile lile: peke yake vipi? Hebu tukiangalie pamoja, lakini tuanze na mahali penyewe, maana bila kuyajua mabonde na mito ya kule huwezi kuelewa kilichotokea.

Milima ya Pyrenees ndiyo inayotenganisha Ufaransa na Hispania. Kwa upande wa Ufaransa, mito inashuka kutoka milimani kwenda kaskazini, na kila mto umejichimbia bonde lake. Watu wanaishi mabondeni, na mifugo wanaipandisha malishoni wakati wa kiangazi. Kwa hiyo ukitaka kwenda kaskazini au kusini unafuata maji, hakuna shida. Shida inaanza ukitaka kutoka bonde moja kwenda la jirani, yaani mashariki au magharibi. Hapo inabidi upande mlima mzima, upite kwenye ile sehemu iliyobonyea kati ya vilele viwili ambayo Wafaransa wanaiita col, halafu ushuke upande wa pili. Ukifika chini unaanza tena.

Njia ya magari ya farasi iliyounganisha mabonde hayo haikujengwa kwa ajili ya wachungaji wala wanamichezo. Ilijengwa wakati wa Mfalme Napoleon wa Tatu, katika miaka ya 1860, kwa ajili ya wagonjwa wenye pesa. Pyrenees imejaa chemchemi za maji ya moto, na matajiri wa Paris waliamini kwamba kuoga humo kunaponya. Miji ya Eaux-Bonnes, Barèges na Luchon iliishi kwa biashara hiyo. Ndipo ikatengenezwa barabara iliyopewa jina la Route Thermale, barabara ya maji moto, ikipita juu ya Aubisque (mita 1,709), Tourmalet (mita 2,115), Aspin (mita 1,489) na Peyresourde (mita 1,569). Tourmalet yenyewe ilikuwa inapitika hata kabla ya hapo. Mwaka 1675 Madame de Maintenon alimpeleka mtoto wa Mfalme Louis wa 14 kwenye maji ya Barèges kwa njia hiyo. Watu wa hadhi ile hawakuwa wanatembea kwa miguu mlimani. Walibebwa na wenyeji.

Naomba ulikumbuke hilo la kubebwa, tutalirudia.

Sasa twende kwenye gazeti. Ndiyo, gazeti, kwa sababu Tour de France haikuanzishwa na chama cha michezo. Ilianzishwa na watu wa fani yangu. Mwishoni mwa karne ya 19 Ufaransa iligawanyika vipande viwili kwa sababu ya kesi ya Dreyfus, yule ofisa wa jeshi Myahudi aliyefungwa kwa kosa la uhaini ambalo hakulifanya. Gazeti kubwa la michezo la wakati huo, Le Vélo, lilikuwa chini ya Pierre Giffard, aliyekuwa upande wa Dreyfus. Matajiri wa viwanda waliokuwa wanatangaza bidhaa zao humo, akiwamo mtengeneza magari de Dion, walikuwa upande mwingine. Wakaamua kuanzisha gazeti lao mwaka 1900, na wakamweka Henri Desgrange kuwa mhariri. Gazeti hilo, L'Auto, lilichapwa kwenye karatasi ya njano, na mauzo yake yalikuwa ya kusuasua. Mwishoni mwa 1902 mwandishi kijana wa gazeti hilo, Géo Lefèvre, akatoa wazo: kwa nini tusiandae mashindano ya baiskeli ya kuizunguka Ufaransa nzima?

Mashindano ya kwanza yalianza tarehe 1 Julai 1903. Waendeshaji 60 waliondoka, 21 wakamaliza, na mshindi alikuwa Maurice Garin. L'Auto likapanda kutoka nakala 25,000 hivi kwa siku hadi 65,000. Mwaka uliofuata Le Vélo likawa halipo tena. Kwa hiyo tusidanganyane, Tour ilizaliwa kuuza magazeti, na gazeti linauzika likiwa na mashujaa. Tena shujaa anauzika zaidi akiteseka.

Ndiyo maana mwaka 1910 mwandishi mwingine wa L'Auto, Alphonse Steinès, alimshawishi Desgrange wapeleke mashindano kwenye milima mirefu ya Pyrenees. Desgrange alisita. Steinès akaenda mwenyewe kukagua Tourmalet, akapanda na gari alilolikodi. Theluji ikalizuia gari kabla ya kufika juu. Akashuka, akaendelea kwa miguu gizani, akapotea, akaanguka kwenye theluji, na watu wa Barèges ndio waliotoka usiku kumtafuta na kumwokoa. Asubuhi yake akapiga simu ya maandishi kwa mhariri wake kumweleza kwamba Tourmalet amevuka, barabara ni nzuri sana na inapitika bila wasiwasi!

Nakiri kwamba nikisoma hapo huwa nacheka, halafu nasikia aibu kidogo. Huyu ni mwandishi mwenzetu. Alikaribia kufa kwenye barabara hiyo, akaokolewa na wanakijiji ambao majina yao hayamo kwenye habari yake, kisha akaandika kwamba kila kitu shwari. Na uongo wake ukafanya kazi. Gazeti likachangia fedha ili njia ya Aubisque itengenezwe, vibarua wakaingia na sururu, na Julai ya mwaka huo waendeshaji wakaletwa.

Hatua ya Luchon hadi Bayonne ilikuwa kilometa 326. Barabara haikuwa na lami, ilikuwa mawe na vumbi. Baiskeli zilikuwa nzito, na mitambo ya kubadilisha gia Desgrange aliipiga marufuku, marufuku iliyodumu hadi mwaka 1937. Mwaka huo wa 1910 ndipo lilipoletwa pia gari la kuokota walioshindwa, ambalo mpaka leo linaitwa gari la ufagio. Gustave Garrigou alipewa faranga 100 kwa kuimaliza Tourmalet bila kushuka kwenye baiskeli. Wengine walisukuma. Octave Lapize alipofika juu ya Aubisque, akiwa hoi, aliwageukia wasimamizi akawaita wauaji. Hata hivyo alishinda hatua hiyo baada ya zaidi ya masaa 14, na akashinda Tour nzima. Miaka saba baadaye, Julai 1917, aliuawa akiwa rubani wa ndege za kivita.

Sasa tumefika 1913 na Christophe.

Alizaliwa mwaka 1885, na kabla ya kuishi kwa baiskeli alijifunza ufundi wa makufuli. Mwaka 1912 alikuwa wa pili kwenye Tour, katika mfumo wa kuhesabu pointi. Mwaka 1913 wakarudi kwenye kuhesabu muda, mfumo uliomfaa. Mashindano yalielekezwa upande wa pili safari hii, kwa hiyo hatua ya sita ilianzia Bayonne kwenda Luchon, kilometa zile zile 326, milima ile ile kwa mpangilio wa kugeuza. Waliondoka usiku wa manane. Kabla ya hatua hiyo Christophe alikuwa wa pili, nyuma ya Mbelgiji Odile Defraye. Siku hiyo Defraye alishindwa na kujitoa. Christophe alifika juu ya Tourmalet karibu na wa mbele, na mashindano yakawa kama yamemwangukia mikononi.

Akaanza kuteremka, na mlimani hapo foku ikavunjika. Foku ni ile chuma yenye miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Ikivunjika huna baiskeli tena, una mzigo. Christophe aliubeba mzigo huo begani, gurudumu akalishika mkononi, akaanza kushuka kwa miguu. Alitembea zaidi ya kilometa kumi huku wenzake wote aliokuwa amewaacha wakimpita mmoja baada ya mwingine. Inasemekana alikuwa analia.

Kijiji cha kwanza kilichomfaa kinaitwa Sainte-Marie-de-Campan. Kipo pale vijito viwili vinapokutana na kuwa mto Adour wa bonde la Campan. Ukitazama ramani utaona jambo la ajabu. Mto huo wa Adour unazunguka nchi tambarare ya kusini magharibi na kuingia baharini karibu na Bayonne, kule kule Christophe alikoanzia safari usiku. Kwa maneno mengine, mtu huyu alikuwa ametoka mdomoni mwa mto, akavuka milima miwili, na sasa alikuwa ameangukia kwenye chanzo chake.

Msichana mmoja wa kijijini akamwonyesha karakana ya mhunzi, Bwana Lecomte. Mhunzi alikuwa tayari kumtengenezea. Wasimamizi wa mashindano, waliokuwa wamefika pale, wakakataa. Kanuni ilisema mwendeshaji atengeneze baiskeli yake mwenyewe, bila msaada wa mtu yeyote. Basi mhunzi akasimama kando ya moto wake mwenyewe, akielekeza kwa mdomo tu, na fundi makufuli wa zamani akashika nyundo. Wasimamizi wakasimama wanamwangalia.

Ila kufua chuma kunahitaji mikono zaidi ya miwili. Mkono mmoja unashika chuma kwa koleo, wa pili unapiga nyundo, na moto hauwezi kusubiri. Lazima uvukutwe wakati wote. Kila mhunzi duniani ana mtu wa mvukuto, na kwa wahunzi wetu huku mambo hayakuwa tofauti. Kwa hiyo kwa muda mfupi yule mtoto, ambaye masimulizi yanamtaja kwa jina la ukoo tu, Corni, akavukuta. Kazi nzima ilichukua masaa kadhaa. Christophe akafunga gurudumu lake, akapanda Aspin, akapanda Peyresourde, akafika Luchon karibu masaa manne nyuma ya mshindi wa hatua, Philippe Thys. Huyo Thys ndiye aliyechukua Tour ya mwaka huo. Christophe alimaliza wa saba. Na juu ya yote hayo akapewa adhabu ya dakika 10 kwa ajili ya mvukuto. Baadaye wakaona haya, wakapunguza hadi dakika 3.

Hapa ni rahisi kukasirika na kusema Desgrange alikuwa katili, tumalize. Mimi nadhani tumtendee haki kwanza. Kanuni yake ilikuwa na sababu. Tour ya siku zile ilikuwa na waendeshaji wa viwanda, waliolipwa na makampuni ya baiskeli kama Peugeot na Alcyon, na ilikuwa na waendeshaji binafsi ambao hawakuwa na mtu. Hawa wa pili walijitafutia chakula na pa kulala. Kama viwanda vingeruhusiwa kuweka mafundi na baiskeli za akiba kila kona ya barabara, yule asiye na kampuni asingekuwa na chake. Christophe mwenyewe alikuwa mtu wa Peugeot. Kanuni ya kila mtu ajitegemee ilikusudiwa kuwalinda wanyonge dhidi ya pesa. Hiyo ni hoja nzuri na mimi naikubali.

Tatizo ni pale kanuni ilipokwenda kuangukia. Wenye viwanda hawakuwepo mlimani siku hiyo. Aliyekuwepo ni mhunzi wa kijiji na mtoto wake wa mvukuto. Na angalia jinsi mstari ulivyochorwa. Moto wa Bwana Lecomte uliruhusiwa. Nyundo yake, fuawe yake, kipande cha chuma chake na maelekezo yake, vyote viliruhusiwa. Msichana kuonyesha njia, ruhusa. Barabara yenyewe, waliyoitengeneza vibarua, nayo haikuhesabiwa kuwa msaada. Msaada ulioonekana ni ule wa mkono wa mtoto tu. Yaani mtu alibebwa na kijiji kizima, tukaamua kuandika kwamba alikuwa peke yake, isipokuwa kwa dakika 10.

Gazeti lilihitaji iwe hivyo. Shujaa wa peke yake anaingia kwenye kichwa cha habari, kijiji hakiingii. Nalisema hili nikijua kwamba hata sisi tunaoandika leo tunafanya hivyo hivyo. Ukirudi kutoka kijijini na habari, mhariri anakuuliza, nani ndiye mhusika? Anataka jina moja.

Christophe hakuwa na bahati na chuma. Mwaka 1919, baada ya vita vilivyowaua Lapize, François Faber na Lucien Petit-Breton, wote washindi wa Tour, yeye alikuwa bado yupo. Mjini Grenoble mwezi Julai akawa mtu wa kwanza katika historia kuvaa jezi ya njano ya kiongozi, rangi ya karatasi ya gazeti. Hatua moja kabla ya ile ya mwisho, kuelekea Dunkerque, foku ikavunjika tena. Akapoteza zaidi ya saa zima, akamaliza wa tatu. Safari hii wasomaji wa L'Auto walichangishana, na walichompa kikazidi zawadi ya mshindi. Mwaka 1922 foku ilivunjika mara ya tatu, kwenye Galibier huko Alps. Alifariki mwaka 1970 bila kuishinda Tour hata mara moja.

Kanuni zikabadilika polepole. Mwaka 1930 Desgrange alifuta timu za viwanda akaleta timu za taifa, na kusaidiana kukawa wajibu. Ukitaka kuona wajibu huo ulivyokuwa na bei yake, mtazame René Vietto mwaka 1934. Alikuwa kijana wa miaka 20, aliyewahi kufanya kazi hotelini Cannes, na milimani hakuwa na mpinzani. Kwenye Pyrenees kiongozi wa timu, Antonin Magne, akaharibikiwa gurudumu. Vietto akampa la kwake, akakaa ukutani kando ya barabara akisubiri jingine. Kuna picha yake hapo akiwa anabubujikwa na machozi. Kesho yake Magne akapata matatizo tena. Vietto alikuwa ametangulia, akageuza, akapanda mlima aliokuwa ameuteremka, akampa baiskeli. Magne akashinda Tour, Vietto akawa wa tano. Miaka 21 tangu Christophe, kusaidiwa hakukuwa kosa tena. Lakini jina kwenye orodha ya washindi likabaki moja.

Kuna kisa kimoja cha karibu zaidi ambacho wasomaji wa Afrika Mashariki mtakikumbuka. Tarehe 14 Julai 2016, kwenye mlima wa Ventoux kusini mwa Ufaransa, pikipiki ya msafara ilikwamishwa na umati wa watu. Waendeshaji watatu wakaigonga. Mmoja wao alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyejifunza baiskeli akiwa kijana kwa David Kinjah na vijana wake kule Kikuyu. Froome alikuwa na jezi ya njano na baiskeli iliyovunjika. Akaanza kukimbia kwa miguu kupanda mlima! Dunia nzima ikacheka. Akapewa baiskeli isiyomfaa, kisha nyingine. Jioni wasimamizi wakakaa, wakaona kosa halikuwa lake, wakamrekebishia muda. Jezi akabaki nayo, na siku chache baadaye akashinda Tour yake ya tatu.

Siwezi kusema wasimamizi wa 2016 walikosea. Walitenda haki. Ninachoona ni kwamba iliwachukua watu wa Tour karne nzima kukubali kwamba mtu anayetembea mlimani bila baiskeli anaweza kuwa hana hatia.

Leo ukipita Sainte-Marie-de-Campan utakuta kibao cha kumbukumbu mahali palipokuwa na karakana, na sanamu ya Christophe ameinua foku yake juu. Waendesha baiskeli wanatoka nchi mbalimbali, wanapanda kufuata bonde la Adour, wanasimama hapo, wanapiga picha, wanajaza maji kwenye chupa zao, halafu wanaianza Tourmalet, kilometa 17 hivi za kupanda kutoka hapo. Ni jambo zuri na mimi siku moja nikijaaliwa nitafika.

Ila nikifika nitauliza mvukuto ulikuwa upande gani.